Saint-Jean hadi Roncesvalles: tathmini ya siku ya kwanza ya Camino, njia pamoja na huduma zake

Siku hii moja, kutoka mji mdogo wa Saint-Jean-Pied-de-Port kusini-magharibi mwa Ufaransa hadi Roncesvalles upande wa Hispania, inaogopwa kuliko siku nyingine yoyote ya Camino Francés, njia ya hija inayokwenda Santiago de Compostela kwa kilomita zinazokaribia 780. Tathmini yetu kwa kifupi: njia yenyewe ni bora sana, huduma ni nzuri mwanzoni na mwishoni na ni chache mno katikati, na hofu ya watu imeelekezwa pasipo pake. Wengi huogopa mpando. Kinachowaumiza ni kilomita nne za mwisho za mteremko, na kilichowahi kupoteza maisha ya watu juu huko ni hali ya hewa.

Tuanze na vipimo. Saint-Jean iko kama mita 170 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha siku, Col de Lepoeder, kiko kama mita 1,430. Roncesvalles ni mita 950 hivi. Umbali kwa njia ya juu, inayoitwa Route Napoléon, ni kilomita 25, na ukijumlisha vipando vyote unapanda zaidi ya mita 1,200. Mtu wa Nairobi asitishwe na kimo chenyewe: jiji lake liko juu kuliko kilele hicho, na lango la Marangu pale Kilimanjaro, mahali ambapo safari ndiyo kwanza inaanza, liko juu zaidi. Hewa haipungui. Kinachochosha ni kupanda mita hizo zote ndani ya siku moja, tena siku ya kwanza, kabla miguu haijazoea begi.

Ofisi ya mahujaji

Iko namba 39, Rue de la Citadelle, mtaa wa mawe unaoshuka kutoka lango la Saint-Jacques. Wanaohudumu ni watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu waliowahi kutembea njia hii wenyewe, na kati yao huwa hakosekani anayejua Kiingereza. Hapo unapata credencial, yaani kitabu cha kukunja cha kugongewa mihuri, kwa euro chache. Bila hicho hulali katika mabweni ya mahujaji, na kule mwisho hupewi cheti cha Compostela. Unapewa pia karatasi yenye michoro ya mipando ya kila siku na orodha ya malazi ya njia nzima. Karatasi hiyo itunze, maana ni msaada mkubwa simu inapokata chaji. Ganda la kombe, alama ya mahujaji wa Mtakatifu Yakobo, huchukuliwa kwa sadaka ya hiari.

Thamani kubwa ya ofisi hii, hata hivyo, ni taarifa ya hali ya hewa. Wahudumu wanajua kama mlima umefungwa, na wakikwambia upite chini, pita chini. Route Napoléon hufungwa kisheria upande wa Navarra, jimbo la Hispania, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, na anayekaidi akakwama anaweza kutozwa faini pamoja na gharama za kuokolewa. Hata mwezi Aprili theluji huonekana, na hata Juni ukungu unaweza kushuka ukashindwa kuiona alama iliyo hatua ishirini mbele yako. Kwa huduma hii hatuna la kulalamikia isipokuwa foleni: treni kutoka Bayonne (safari ya kama saa moja) huwashusha watu wote kwa pamoja, na wote huelekea mlango mmoja. Ukifika na treni ya mchana, tafuta kwanza kitanda chako, weka begi, kisha rudi ofisini foleni ikiwa imepungua.

Mtaa huohuo una maduka ya vifaa vya safari: fimbo, makoti ya mvua, soksi, kofia. Bei si mbaya kama unavyoweza kutarajia katika mji wa kitalii, na kwa fimbo tunashauri ununue hapohapo badala ya kuhangaika nazo kwenye ndege, maana mara nyingi haziruhusiwi kuingia nazo ndani. Kwa viatu ni kinyume kabisa. Kiatu kinunuliwe nyumbani miezi miwili kabla, kikubwa kwa nusu namba au namba nzima, kitembelewe na begi lenye uzito halisi.

Mpando wa asubuhi

Toka mapema. Kiangazi, saa 1 asubuhi (saa zao za ukutani zitaonyesha 7:00) ni wakati mzuri. Ukichelewa hadi saa 3 jua litakukuta penye mwinuko mkali. Unavuka mto Nive, unapita Rue d'Espagne na lango lake, na baada ya hapo njia zinagawanyika: kulia ni Valcarlos, mbele ni Route Napoléon. Kibao kipo na kinaonekana, lakini wapo wanaokikosa kwa kuwafuata waliotangulia.

Kilomita tano za kwanza hadi Huntto ni lami nyembamba ya mashambani inayopanda bila kupumzika. Magari ni machache. Wengi huharibu siku yao hapa: baridi ya asubuhi, furaha ya kuanza, na watu wengine mbele vinawafanya waende mwendo wa tambarare kwenye mlima. Wapandishaji wa Kilimanjaro wanapowaambia wageni "pole pole" hawatanii, na agizo hilohilo linafaa hapa. Kipimo rahisi: kama huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, punguza mwendo. Fupisha hatua, usisimame kila baada ya mita hamsini. Mwendo mdogo usiokatika hukufikisha mapema kuliko mbio na mapumziko.

Baada ya Huntto njia inaiacha lami kushoto na kupanda kwa kona kona kwenye majani. Ndipo mahali pakali kuliko pote siku nzima: kama mita 300 za kupanda ndani ya kilomita zisizofika tatu. Ni fupi. Ukilijua hilo mapema halikuvunji moyo, na kila anayedhani siku nzima itakuwa hivyo anakosea.

Alama za upande wa Ufaransa ni mistari miwili, mweupe na mwekundu, kwa sababu njia hii ni sehemu ya GR 65, njia ndefu ya watembea kwa miguu. Ukiiona mistari hiyo imechorwa kama msalaba wa X, umepotea njia. Rudi hadi alama ya mwisho iliyo sahihi. Mishale ya njano, ile iliyoenezwa miaka ya 1980 na Padre Elías Valiña wa O Cebreiro, inaanza kutawala ukiingia Hispania.

Orisson

Kwenye kilomita kama 7.7, mita 800 hivi juu, ipo Refuge Orisson. Kahawa, supu, mikate ya kujazwa nyama au jibini, choo, bomba la maji nje, na ukumbi wa nje unaotazama bonde ambalo asubuhi mara nyingi hujaa mawingu chini yako. Bei ni za mlimani. Hatuoni kosa: hakuna duka lingine la kudumu kutoka hapo hadi Roncesvalles, kilomita 17 mbele.

Swali wanalouliza wengi ni kama walale hapo na kuigawa siku mara mbili. Jibu letu: ndiyo, kwa mtu mwenye zaidi ya miaka sitini, mwenye magoti mabovu, aliyesafiri usiku kucha kwenye ndege, au aliyefika Saint-Jean mchana na hataki kulipia usiku mwingine mjini. Mtu mwenye afya aliyezoea kutembea kilomita 20 hahitaji. Vitanda ni vichache na hujazwa miezi kadhaa kabla kwa tarehe za Mei na Septemba, hivyo weka nafasi kabla ya kununua tiketi ya ndege. Malipo hujumuisha chakula cha jioni na kifungua kinywa. Chakula cha jioni huliwa kwenye meza ndefu, na kila mgeni husimama akajitambulisha na kusema anatoka wapi. Asiyependa kuongea mbele za watu ajue hilo mapema. Maji ya moto bafuni hupimwa kwa kisarafu, dakika tano kwa mtu. Zinatosha kama umejipaka sabuni kabla ya kukitumbukiza.

Wasiolala wafanye mambo matatu hapo, kwa mpangilio huu. Kwanza vua viatu na soksi, kausha miguu, kagua visigino na vidole. Lengelenge haliji ghafla: hutanguliwa na sehemu ndogo ya ngozi inayowaka, kwa sababu jasho limeilainisha ngozi na soksi inaisugua. Ukiweka plasta ya kitambaa wakati huo, yameisha. Ukisema utashughulikia mbele, kesho utachechemea. Pili, jaza maji: lita mbili kwa siku ya joto, lita moja na nusu kwa siku ya baridi. Tatu, nunua au andaa chakula cha mchana, hata kama huna njaa. Mkate, jibini, ndizi, karanga vinatosha.

Juu

Kuanzia Orisson mpando unakuwa mpole, kilomita 13 za kupanda mita 630 hivi, na hapa ndipo njia inapojipatia sifa zake. Hakuna miti. Majani mafupi yamenyolewa na kondoo wa Kibasque wenye nyuso nyeusi na kengele shingoni. Farasi wadogo wa kienyeji, pottok, husimama katikati ya njia na hawapishi mtu. Tumbusi huzunguka angani, wakati mwingine chini ya usawa wa macho yako. Kama kilomita nne baada ya Orisson, upande wa kushoto, ipo sanamu ndogo ya Bikira wa Biakorri juu ya mawe. Watu huacha vitambaa, rozari na picha. Ukifika siku ya upepo shikilia kofia, maana mgongo huu wa mlima hauna kizuizi chochote.

Upepo ndio unaoamua aina ya vazi la mvua. Poncho ni zuri kwa manyunyu ya bondeni kwa kuwa linafunika na begi, ila huku juu hupeperuka likakufunika uso na kuuacha mwili wazi. Koti la mvua lenye zipu na kofia, pamoja na mfuniko wa begi uliofungwa kwa kamba, hufanya kazi vizuri zaidi. Vaa koti kabla hujalowa. Aliyelowa jasho na mvua kwa pamoja, kwenye upepo wa nyuzi joto tano, huanza kutetemeka ndani ya nusu saa, na hapo akili ya kusoma alama huwa ya kwanza kupotea.

Misimu ya watu wengi huwa na gari dogo linaloegeshwa upande wa juu, likiuza chai, kahawa, mayai, ndizi na jibini, na kugonga muhuri wa mwisho wa Ufaransa. Ni huduma nzuri sana, lakini usiipange kwenye hesabu yako. Siku ya mvua huenda lisiwepo.

Kisha mahali pa kuwa macho. Kwenye kilomita ya 15 hivi upo msalaba wa Thibault, upande wa kulia wa barabara. Hapo njia inaiacha lami kulia na kupanda kwenye majani, huku lami yenyewe ikiendelea mbele kama kawaida. Siku ya jua huwezi kukosea, msalaba unaonekana na watu wanaonekana. Siku ya ukungu mtu anatembea ameinamisha kichwa, macho kwenye lami, anaupita. Anakuja kushtuka baada ya kilomita kadhaa kwamba hajaona alama. Pakua ramani ya siku hii kwenye simu kabla ya kutoka mjini, iwe inafanya kazi bila intaneti, na ufikapo kilomita ya 14 itoe uiangalie.

Mpaka wa nchi mbili hauna askari wala jengo. Ni uzio tu, na jirani yake ipo chemchemi ya Roland yenye bomba la maji. Jina linatokana na kamanda wa Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, aliyeuawa pale jeshi la nyuma lilipovamiwa na Wabasque katika milima hii mwaka 778. Jaza chupa. Mbele kidogo, njia inapopita kwenye matope na majani makavu, kipo kibanda cha mawe cha Izandorre kwa wanaozidiwa na hali ya hewa. Mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Namba ya dharura nchi zote mbili ni 112.

Kushuka

Col de Lepoeder inafika ghafla, na kutoka hapo unayaona mapaa ya Roncesvalles chini kabisa. Watu hupiga picha, hushangilia, halafu huteremka wakikimbia. Hapo ndipo Camino za watu wengi zinapoharibika.

Njia ni mbili. Ya kushoto inaingia moja kwa moja kwenye msitu na kushuka karibu mita 480 ndani ya kilomita nne pungufu, juu ya mizizi, mawe na majani yaliyooza. Ni nzuri kwa macho, kivuli chake ni kizito, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Ya kulia inafuata mteremko mpana hadi Puerto de Ibañeta, mita 1,057, penye kanisa dogo la kisasa na jiwe la kumbukumbu ya Roland, kisha inashuka taratibu hadi Roncesvalles. Inaongeza kilomita moja hivi. Ofisi ya Saint-Jean hupendekeza ya kulia, nasi tunakubaliana nao: siku kavu na magoti mazima, chagua upendavyo, siku ya mvua, au ukiwa umechoka, usiingie msituni.

Kabla ya kushuka, kaa chini dakika kumi. Legeza kamba za viatu sehemu ya mbele, kisha kaza kwa nguvu pale kifundoni, ili mguu usiteleze mbele na vidole visigonge ncha ya kiatu. Kucha nyeusi za siku ya tatu zinatokana na mteremko huu. Kucha zenyewe ziwe zimekatwa siku mbili kabla, sawasawa, si kwa mviringo. Refusha fimbo kwa sentimita tano hadi kumi kuliko ulivyozishika wakati wa kupanda, zitangulize mbele yako, na uziache zibebe sehemu ya uzito kabla goti halijabeba. Asiye na fimbo ashuke kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

Jumla ya muda: saa saba hadi tisa pamoja na mapumziko. Anayetumia tano kwa kawaida hujivunia jioni na kulipia kesho yake kwenye mteremko wa kuingia kijiji cha Zubiri.

Roncesvalles

Bweni la mahujaji liko katika jengo la zamani la mawe lililokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2011, lina vitanda 183, na linaendeshwa na watu wa kujitolea kutoka Uholanzi. Utaratibu wao ni wa kupigiwa mfano. Mapokezi hufunguliwa mchana, viatu na fimbo huachwa kwenye chumba maalumu chini, hakuna anayepanda na matope. Vitanda ni vya ghorofa, vimepangwa vinne vinne ndani ya vijichumba visivyo na mlango, na kila mtu ana kabati lake la kufungwa. Soketi ipo karibu na kitanda. Mabafu yanatosha, maji ya moto hayapimwi. Nguo unaweza kuwapa wakufulie na kukaushia kwa malipo. Siku ya matope hiyo ni pesa iliyotumika vizuri. Bei iko kwenye euro kumi na kitu, na kwa kiwango hicho cha usafi hatujui mahali pa kulinganisha nalo kwenye siku kumi zinazofuata.

Masharti: taa huzimwa saa 4 usiku, huwashwa saa 12 asubuhi, na mara nyingi mhudumu hupita akiimba au kukuwekea muziki. Saa 2 asubuhi jengo liwe tupu. Anayelala usingizi mwepesi abebe vizibo vya masikio, kwa kuwa watu mia na themanini waliochoka hukoroma kweli kweli. Nafasi huwekwa mtandaoni, na Mei na Septemba fanya hivyo, maana jengo hujaa mchana. Godoro likague mishononi kwa tochi kabla ya kulalia, hapa na kila bweni la njia hii; kunguni hawachagui mahali safi.

Chakula cha jioni ndicho kinachotupunguzia sifa. Hakuna duka la vyakula Roncesvalles, ni mashine za kuuzia vitafunio tu, na migahawa ni michache. Tiketi ya menyu ya mahujaji inanunuliwa mapema, mara nyingi palepale unapojiandikisha, kwa zamu mbili za jioni. Chukua zamu ya kwanza kama unataka kwenda misa ya baadaye, au ya pili kama misa ni mapema, na uliza saa siku hiyohiyo. Menyu ni supu au tambi, kisha samaki trauti wa kukaanga au kuku, chipsi, kitindamlo, mkate, na divai. Inashibisha, haikumbukwi. Kwa Mwislamu au yeyote asiyekula nguruwe, trauti ni chaguo salama, lakini uliza kama amekaangwa na ham, maana mapishi ya Navarra humjaza samaki huyo kipande cha ham tumboni. Sema "sin jamón", yaani bila ham. Divai ikija mezani omba maji badala yake, hakuna anayeshangaa.

Misa ya jioni katika kanisa la Colegiata ina baraka ya mahujaji inayosomwa kwa lugha nyingi. Hata asiye Mkatoliki hukaribishwa. Kaburi la mfalme Sancho VII wa Navarra, aliyepigana vita vya Las Navas de Tolosa mwaka 1212, lipo katika kapela ya San Agustín ya Colegiata hiyo, na sanamu yake ya kulala ina urefu unaozidi mita mbili.

Njia ya chini, na begi la kutuma

Njia ya Valcarlos, kilomita kama 24 kupitia Arnéguy, si adhabu kama wanavyosema wapenda milima. Ina maduka na baa, ina bweni la manispaa katika mji wa Valcarlos wenyewe karibu nusu ya safari, na mpando wake mkali unakuja mwishoni, kutoka Valcarlos hadi Ibañeta. Ubaya wake ni barabara: sehemu kadhaa unatembea kandokando ya magari, kwenye kona zisizo na ukingo mpana. Vaa kitu cha rangi kali na utembee ukiyaona magari yanayokuja. Majira ya baridi hii ndiyo njia pekee halali.

Kuhusu begi: uzito wote usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wako. Mtu wa kilo 65 abebe kilo sita na nusu, na lita mbili za maji tayari ni kilo mbili. Kama umezidisha, zipo kampuni Saint-Jean zinazobeba mabegi kwa gari hadi Roncesvalles kwa euro chache, Express Bourricot ikiwa inayojulikana zaidi. Lipeleke au liache kwenye malazi muda waliokupa, andika jina na mahali unapolala, na ubaki na begi dogo lenye maji, chakula, koti la mvua, sweta, dawa, pesa na pasipoti. Kosa la kawaida ni kutuma koti la mvua pamoja na begi kubwa kwa sababu asubuhi ilikuwa na jua. Waliozoea hija ya kutembea kwenda Namugongo, Uganda, kabla ya tarehe 3 Juni, wakiwa kwenye kundi lenye kiongozi na gari la mizigo, wazingatie hilo: hapa hakuna kiongozi, kila mtu na vitu vyake.

Viza

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na nchi jirani wanahitaji viza ya Schengen. Kwa kuwa safari inaanzia Ufaransa, wengi hukimbilia ubalozi wa Ufaransa. Anayetembea njia nzima anakaa usiku mmoja au miwili Ufaransa na wiki nne hadi tano Hispania, kwa hiyo maombi yake ni ya Hispania, nchi anayokaa muda mrefu zaidi. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000, na ihakikishwe kuwa inagharamia uokoaji mlimani. Nyingi za bei rahisi hazisemi wazi. Uthibitisho wa malazi ya Saint-Jean, Orisson au Roncesvalles pamoja na mpango wa siku hadi siku husaidia, kwa kuwa mabweni mengi ya mbele hayawekewi nafasi.

Mpangilio tunaopendekeza: kwanza nafasi ya Orisson au Roncesvalles, kisha viza, kisha ndege ya kwenda Biarritz au treni hadi Bayonne. Lenga mwisho wa Mei, Juni mwanzoni, au Septemba, na ukiweza anza siku ya Jumanne au Jumatano badala ya mwisho wa wiki. Acha siku moja ya akiba Saint-Jean: kama asubuhi ofisi itasema mlima una dhoruba, utakuwa na siku ya kusubiri. Na chakula cha kesho yake usikihangaikie usiku huo. Duka la kwanza liko Burguete, kilomita tatu tu mbele, njiani kabisa.